Maswali Yenu ya Safari: Guam, mizinga na ukuta wa majina

SWALI: Shikamoo dada wa safari. Mdogo wangu wa kike ameolewa na mwanajeshi wa Kimarekani, sa hivi wanaishi Guam, kile kisiwa cha kule Pasifiki, wamenialika niende nikawasaidie na mtoto. Shemeji anasema lazima anipeleke kwenye paki ya kumbukumbu ya vita, kila akipiga simu ni mizinga tu. Mi habari za vita sina hamu nazo kabisa. Kuna cha kuona au nibaki nyumbani na mtoto? Na kiingilio bei gani? Ndaga fijo. – Mama wawili, Tukuyu

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nenda, ila usikubali shemeji akuanzishie kwenye mizinga. Mwambie mpande kwanza Asan Bay Overlook, huko juu kuna ukuta wenye majina zaidi ya 16,000 na mengi wala sio ya wanajeshi, ni ya Wachamorro, wenyeji wa kisiwa, waliouawa na walioteswa na kufanyishwa kazi kwa nguvu, maana Wajapani walikiteka kile kisiwa toka kwa Wamarekani Desemba 1941 wakakikalia miaka miwili na nusu na ushee. Soma taratibu, utakuta jina la ukoo mmoja linajirudia mstari hadi mstari, yaani ukoo mzima. Si unaujua ule mnara wa Lugalo, njia ya Iringa, wa vita ya 1891? Ule ni wa Zelewski na Wajerumani wenzake, sasa vijana wa Mkwawa waliofia palepale nani aliwaandika mmoja mmoja? Ndo maana huo ukuta wa Guam mi naupa maksi zote, wameandikwa mpaka waliopona.

Ukigeuka kutoka kwenye ukuta unaona ufukwe wa Asan chini kabisa. Hapo ni sehemu moja kati ya mbili ambazo Wamarekani walishukia tarehe 21 Julai 1944, nyingine ni Agat kusini kidogo, na Wajapani walikuwa huku juu vilimani kwahiyo hata kama vita huvijui utaona mwenyewe waliokuwa chini walikuwa na hali gani. Mapigano yakaenda mpaka Agosti 10.

Haya, mizinga sasa. Iko mitatu, ya Wajapani, kijiji cha Piti, unapanda kidogo katikati ya miti ya mahogani, kivuli kizuri. Wachamorro ndo walilazimishwa kufanya kazi ya kuipandisha huko na Wamarekani walipofika haikufyatua hata risasi moja. Shemeji akianza kuisifia we muulize nani aliivuta mpaka pale, uone atajibu nini.

Kiingilio hakuna, bure. Ila hiyo paki haijazungushiwa uzio sehemu moja, ni vipande vipande upande wa magharibi wa kisiwa, bila gari utateseka. Makumbusho yao ina siku za kufunga, muangalie kabla hamjatoka. Ukiona chuma chochote porini au majini usiguse wala usimruhusu mtoto, kule bado yanaokotwa mabomu ambayo hayajalipuka. Sweta za Tukuyu ziache, joto la kule ni la Dar na zaidi, na viza ni ya Marekani ileile ya ubalozini Dar kwahiyo anza mapema. Muda ukibaki ulizia habari za Yokoi, mwanajeshi wa Kijapani aliyejificha porini mpaka Januari 1972, alikuwa fundi cherehani huyo, nguo zake akawa anazifuma kwa nyuzi za magome ya miti!

SWALI: Kamwene dada. Babu alikuwa Keya, yaani askari wa Mwingereza wa Afrika Mashariki, alikuwa anatuhadithia walipigana na Wafaransa kisiwani, na kaka yake hakurudi. Je ni huko huko Pasifiki? Tunaweza kupata kaburi? – Kijana wa Ipogolo, Iringa

JIBU: Kamwene. Hapana, hiyo ni Madagaska, 1942. Wafaransa wa kule walikuwa wanafuata serikali ya Vichy, ile ya Ufaransa iliyoshirikiana na Wajerumani, na Waingereza waliogopa Japani isije ikachukua bandari ya Diego Suarez, sa hivi inaitwa Antsiranana. Waingereza wakaishika mwezi wa tano, mwezi wa tisa wakaendelea na vita, brigedi ya Afrika Mashariki ikiwemo, Wafaransa wakasalimu amri Novemba. Makaburi ya vita yapo hapo Antsiranana. Kabla hamjachanga nauli ingieni kwenye tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, mnatafuta kwa jina, bure. Jina mlijaribu kwa tahajia tofauti tofauti, R na L mbadilishe, hata herufi ya mwisho, makarani waliandika walivyosikia. Na msishangae likitokea Nairobi, kuna mnara pale wa askari wa Afrika Mashariki ambao makaburi yao hayajulikani.