Kifungu cha usuluhishi London hakizuii meli kukamatwa Mombasa

Ndugu yangu, umesema mchele wako ulifika umelowa maji ya bahari, hati ya shehena (mkataba wa kubeba mzigo wako) inataka migogoro yote iende kwa wasuluhishi London, na meli inarudi bandari ya Kilindini, Mombasa, karibuni. Unauliza kama unaweza kuikamata, yaani izuiwe bandarini kwa amri ya mahakama. Unaweza, ila kwa hesabu.

Kifungu hicho cha London hakiiondolei Mahakama Kuu mamlaka yake. Sheria ya Usuluhishi ya Kenya ya 1995, kifungu cha 7, inakuruhusu kuomba ulinzi wa muda kabla ya usuluhishi au ukiwa unaendelea. Kifungu cha 6 ndicho kimbilio la mwenye meli: anaweza kuomba kesi isimamishwe, mradi awahi, si baada ya kuliitikia dai. Mawakili wengine hujisahau hapo.

Meli iliyokamatwa ni hasara kila siku, hivyo mara nyingi klabu ya bima ya mwenye meli (chama cha bima cha wenye meli) hutoa barua ya dhamana ya kulipa, na meli ikaondoka. Barua hiyo ndiyo unayoitafuta. Isome neno kwa neno. Ikitaja “hukumu ya mahakama ya Kenya” peke yake, tuzo ya London, yaani uamuzi wa wasuluhishi, haitakufaa kitu. Sisitiza iandikwe “hukumu au tuzo”.

Kinachonitia wasiwasi ni muda. Kanuni za The Hague, za kimataifa kuhusu kubeba mizigo kwa bahari, zinakupa mwaka 1 tangu mzigo ukabidhiwe, na kesi ya Mombasa huenda isihesabike London. Anzisha usuluhishi kwa maandishi sasa hivi. Pia kagua mmiliki wa meli ni nani leo: ikiuzwa kabla hujafungua dai, huenda umeikosa.