Maswali yenu: rais mbele ya mfalme

Rais aliyechaguliwa na wananchi akikutana na mfalme, ni lazima ainame?

Si lazima. Wote wawili ni wakuu wa nchi, na kwa itifaki nchi haiinamii nchi nyingine. Kupeana mkono kunatosha. Barack Obama alipofika Tokyo Novemba 2009 alifanya yote mawili kwa mpigo: aliushika mkono wa Mfalme Akihito, papo hapo akainama mpaka kiunoni. Kwao Marekani wapinzani wakamsakama kwamba ameidhalilisha nchi. Mimi naona kosa lilikuwa dogo tu: Wajapani huinama, au hupeana mkono, kuvichanganya ndiko kulikoleta kioja. Na mtu wa miaka 48 kumwinamia wa miaka 75, aibu iko wapi?

Kwani malkia haguswi kabisa?

Mkono utaupokea, akiunyoosha yeye kwanza. Basi. Mwaka 1992 Paul Keating, waziri mkuu wa Australia, alimwekea Malkia Elizabeth II mkono mgongoni, magazeti ya Uingereza yakamchachafya. Michelle Obama naye alimkumbatia kwa mkono mmoja jijini London mwaka 2009, lakini safari hiyo malkia mwenyewe alikuwa amemzungushia wake kiunoni. Mwenye nyumba akishalegeza, nani atamlaumu mgeni?

Mizinga 21 ni ya wafalme peke yao?

La. Awe amepata kiti kwa kurithi au kwa kura, mkuu wa nchi hupigiwa 21. Waziri mkuu mara nyingi hupata 19. London wana hesabu yao: kwenye bustani ya kifalme ya Green Park hufika 41.

Ni kweli Obama aliharibu dhifa ya malkia?

Hakuiharibu, alijikwaa. Ilikuwa Mei 2011, Buckingham. Enzi za Malkia Elizabeth, kwenye dhifa ya kitaifa mgeni alipotamka "kwa Malkia", bendi ilianza wimbo wa taifa, na wimbo ukianza hakuna kusema. Kwa hiyo maneno hayo yalikuwa ya mwisho katika hotuba. Obama aliyatamka, akatua kidogo, kisha akaendelea. Bendi ikaanza, naye akawa anaongea juu ya wimbo. Akamgeukia malkia na glasi juu. Malkia ametulia, anatazama mbele. Obama akaiweka glasi mezani, wimbo ulipoisha ndipo wakanywa.