Dirisha Linalofuata ni Lini?

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako niliusoma juzi usiku, nikaurudia asubuhi kwenye chai, maana ulikuwa mfupi na swali lake kubwa. Unasema waziri wenu wa Maendeleo ya Jamii anapanga ziara ya mikoa ya kusini, na wewe, kwa kuwa wanajua wewe ni mtoto wa Newala, umekabidhiwa maelezo ya Mtwara na Lindi yatakayoingia kwenye hotuba. Mkuu wako kakuuliza, nawe umenitupia mimi: "Baba, waziri akifika kijijini, watu wangependa aseme nini?" Ukamalizia kwamba unataka jibu la baba, si la mtendaji mstaafu. Nilicheka peke yangu. Mtu aliyekuwa mtendaji wa kijiji zaidi ya miaka ishirini, hata ndoto zake zina muhtasari na mahudhurio.

Wangependa awatajie tarehe.

Najua ulitarajia niseme maji. Kweli, huku juu kwenye tambarare ya Makonde hakuna mto, na mimi nimekua nikinywa maji ya mvua yaliyotoka kwenye bati kuingia kisimani. Lakini maji waziri atayataja hata usipomwandikia, kama atakavyotaja barabara na umeme. Tarehe hataitaja kama hukumwekea kwenye karatasi, na wewe hutaiweka kama hujui kwa nini ina uzito. Ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu.

Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ulipofika kijijini kwetu wewe ulikuwa kidato cha pili, bweni, kwa hiyo mengi yalikupita. TASAF yenyewe, mfuko wa maendeleo ya jamii unaouendesha mpango huo, ilikuwepo tangu mwaka 2000, enzi za Mzee Mkapa wa Lupaso, na sisi tuliijua kwa madarasa, zahanati na visima. Kilichokuja baada ya Rais Kikwete kuzindua huu mpango mwaka 2012 kilikuwa kitu kingine: fedha taslimu mkononi mwa mama, kila miezi miwili, kwa sharti kwamba watoto waende shule na wadogo wapelekwe kliniki. Na ajira za muda, siku 60 kwa mwaka, kuchimba malambo na kulima barabara za kijiji. Ile miezi miwili watu wakaiita dirisha. "Dirisha limefunguka?" ikawa salamu.

Kabla ya dirisha kulikuwa na orodha, na orodha nilikuwa nayo mimi. Mkutano mkuu wa kijiji unakaa chini ya mkorosho, watu wanataja kaya wanazoziona ni maskini kabisa, mnabishana, mnaandika. Halafu wanakuja wenye madodoso kuuliza nyumba hadi nyumba: paa la nini, mnakula mara ngapi, mna kuku wangapi. Majibu yanaingia kwenye kompyuta, na majina yanarudi kusomwa mbele ya wananchi. Ukiusoma utaratibu huo huko Mtumba, kwenye ofisi za wizara Dodoma, utauona mzuri. Na ni mzuri. Mimi siupondi.

Sasa yule bibi aliyekuwa anakupa ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha ukitoka shule, simtaji jina, unamjua. Siku ya mkutano hakuja. Alikwenda porini kuchimba hiyo hiyo ming'oko, kwa sababu ndani hakukuwa na kitu. Hebu fikiria: tumeitana kutafuta aliye maskini kuliko wote, na yeye hayupo kwa kuwa anatafuta cha kula. Mtu mmoja akauliza, "Na bibi fulani je?" Mwingine akajibu, "Yule ana bati." Bati aliezekewa na mpwa wake msimu mmoja korosho zilipolipa vizuri, kisha mpwa akaenda Dar es Salaam, basi. Nilijua habari yote hiyo. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Jua lilikuwa kali, tumeanza saa tatu na sasa ni saa nane, na mtu akishasema "ana bati" na wenzake wakatikisa kichwa, kumbishia ni kufungua mjadala upya. Nikaenda kwenye jina lililofuata. Aliingia kwenye orodha miaka ilipopita, kaya zilipoandikwa upya, mimi nimeshakabidhi ofisi. Sijawahi kumwomba radhi. Nikimpelekea chumvi ananiita "mkubwa wetu", na mimi naitika.

Nakueleza hili si kwa ajili ya hotuba. Nakueleza ili ukisikia neno "walengwa" mezani kwenu ukumbuke kwamba kuna aliyelengwa akakosewa, na aliyekosea hakuwa mwizi. Mwaka 2016 nchi nzima ilizungumza habari za kaya hewa, watu waliolipwa ambao hawakustahili au hawakuwepo, na wakasakwa. Sawa. Ila sikusikia mtu akiwasaka walioachwa.

Turudi kwenye tarehe. Ulishawahi kujiuliza kwa nini kangomba, ile biashara ya magendo ya kununua korosho za mkulima kwa kipimo cha kopo, haifi? Kila mwaka viongozi wanaikemea, polisi wanasimama njiani, na bado ipo. Huku kwetu korosho zinaokotwa kuanzia Oktoba, zinakwenda AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, zinaingia ghalani, mnada unafanyika, fedha inaingia benki. Utaratibu wa stakabadhi ghalani tunao tangu mwaka 2007. Lakini tumbo halina msimu. Kuanzia Januari mpaka Machi, fedha ya korosho imekwisha, mahindi mapya bado, mihogo umeila. Hapo ndipo jamaa anakuja jioni na gunia la mahindi kwenye baiskeli. Hakulazimishi. Anakupa debe leo, na wewe unamwahidi korosho za msimu ambao mikorosho yake haijatoa hata ua. Atakuja kuzipima kwa kopo lake, na kopo hilo wewe na mimi tunajua lina ukubwa gani.

Jirani yetu wa upande wa msikitini alikuwa mlengwa. Februari mmoja alikuja ofisini mara tatu. "Mtendaji, dirisha lini?" Nikamjibu nilivyojibiwa na walio juu yangu: karibuni. Mara ya nne hakuja. Alishachukua madebe mawili. Fedha ilifika wiki iliyofuata, yote, haikupungua hata shilingi mia. Kwenye taarifa yangu niliandika "malipo yamefanyika kikamilifu", na sikuandika uongo. Ila msimu ulipofika nusu ya korosho zake zilipita mlango wa nyuma. Angejua kwamba ni wiki moja tu imebaki, angekopa unga kwa shangazi yako, watoto wangekunywa uji mwepesi, siku zingesogea. Mtu anaweza kustahimili siku saba. Kustahimili "karibuni" hawezi, kwa sababu haina mwisho.

Hata sisi tusio walengwa tumelijua hilo. Mwaka 2018 korosho ilitangaziwa shilingi 3,300 kwa kilo, bei ambayo mkulima hawezi kuilalamikia. Lakini waulize waliokaa na karatasi zao mfukoni wakisubiri malipo mwaka ule kama mazungumzo kibarazani yalikuwa ya bei au ya siku.

Sasa habari ya ziara. Nimepokea mawaziri wanne katika utumishi wangu. Mmoja, simtaji na wala si wa wizara yenu, alitarajiwa saa nne akafika saa tisa. Ilikuwa Novemba, korosho zimelala chini zinasubiri kuokotwa, na kila mtu aliyekaa kwenye turubai aliacha kazi. Kina mama walicheza ngoma mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza yalikuwa magari ya utangulizi tu. Akashuka, akasema itifaki imezingatiwa, akasoma mabilioni. Nchi nzima imetengewa kiasi hiki, mkoa kiasi hiki, wilaya kiasi hiki. Watu wakapiga makofi, si kwa unafiki, ni adabu ya mgeni. Mwisho akauliza kama kuna swali. Akasimama mzee mmoja na fimbo yake, akasema: "Mheshimiwa, ahsante kwa fedha. Dirisha linalofuata ni lini?"

Waziri akamgeukia aliyekuwa kushoto kwake. Wa kushoto akamgeukia wa nyuma. Swali likatembea mpaka kwenye mstari wa viti vya plastiki nilipokuwa nimekaa mimi, na mimi sikuwa na wa kumgeukia. Akajibu, "Wataalamu watalifanyia kazi, mzee." Mzee akakaa. Hakukuwa na kosa la kumshtaki mtu pale, mwanangu. Lakini mkutano ule ungekuwa na dakika moja tu, ilitakiwa iwe hiyo.

Utasema fedha hizo haziko kwenu. Najua. Nilikuwa serikalini mimi. Wizara yenu ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum imeanza kusimama peke yake Januari 2022. TASAF kwa miaka mingi imekaa Ofisi ya Rais kwenye Utumishi, na hata Mzee Mkuchika, aliyekuwa mbunge wetu, aliwahi kuishika ofisi hiyo. Mikopo ya asilimia 10, ile ya vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu, ni ya halmashauri, ambako anasimama TAMISEMI, waziri wa serikali za mitaa. Zahanati ni Afya. Kisima ni Maji. Kwa hiyo mama mmoja mwenye watoto wanne ana mawaziri watano, na kila mmoja kwa haki kabisa anaweza kusema hilo si la kwangu. Yeye lakini hawaoni watano. Anaona gari jeupe moja lenye bendera. Kikundi cha mama yako kilikuwa na andiko lake la mkopo tayari mikopo iliposimamishwa mwaka 2023. Ilianza tena 2024. Muda wote huo walikutana kila Ijumaa wakiulizana tutaitwa lini, mpaka wawili wakajitoa. Waziri wenu akisimama, wataulizia hilo, nakwambia kabisa. Awe na jibu, hata kama jibu lenyewe liko wizara nyingine. Kupiga simu kutoka mlango hadi mlango huko Mtumba ni rahisi kuliko bibi kupanda bodaboda mpaka wilayani.

Kuna jambo la zamani nataka ulijue, kwa kuwa uko jirani nalo. Ukitoka Dodoma kuja Morogoro, pale Mbande, barabara inachepuka kwenda Kongwa. Baada ya vita kuu ya pili, serikali ya Uingereza ilitaka karanga za mafuta, na waziri wao wa chakula, John Strachey, ndiye aliyeusimamia mradi. Wakaanza Kongwa mwaka 1947, kisha Urambo, kisha Nachingwea kwetu huku. Babu yako alikwenda Nachingwea kung'oa visiki. Alikuwa akisimulia matrekta yaliyokufa na kuachwa porini kama tembo. Kule Kongwa udongo ulipokauka ukawa saruji, karanga hazing'oki, na mvua haikuja walivyoipangia London. Mwaka 1951 wakaachana nao. Reli waliyoijenga kutoka Mtwara kwenda Nachingwea ikang'olewa baadaye. Bandari ya Mtwara ndiyo iliyobaki, na leo inapakia korosho ambazo yule waziri wala hakuzifikiria. Babu yako hakuwa na hasira nao. Alisema tu hakuna aliyemuuliza mvua huku inanyesha mwezi gani.

Na sisi wenyewe tulifanya yetu. Wakati wa Operesheni Vijiji, watu walipohamishwa kutoka mashambani kwenda kuishi pamoja vijijini, nilikuwa kijana, nilibeba milango ya nyumba yetu kichwani. Nia ilikuwa njema: shule, zahanati na maji visingeweza kumfuata kila mtu shambani. Shule niliyosoma mimi, na baadaye wewe, ni matunda ya hapo. Lakini mikorosho ilibaki kule tulikotoka, mwendo wa saa mbili, na nani atakwenda kuipalilia kila siku? Nchi ilivuna tani 145,000 msimu wa 1973/74. Ilipofika 1986/87 ilikuwa chini ya 20,000. Bei mbaya na ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, navyo vilichangia, siwezi kusema ni vijiji peke yake. Walioletwa kutuhamisha walituambia twende lini. Tukauliza tutaruhusiwa kurudi kupalilia lini, hawakuwa na karatasi ya hilo.

Basi. Ukiandika hayo maelezo, takwimu weka, bosi wako atazitaka. Chini yake weka ukurasa mmoja: dirisha linalofuata tarehe ngapi, mikopo inafunguliwa na kufungwa lini, orodha mpya ya kaya inaandikwa mwezi gani na aliyeachwa apeleke wapi malalamiko yake. Kama tarehe haijulikani, mwandikie waziri hivyo hivyo, haijulikani, na aliseme hadharani. Watu wa huku hawatamzomea. Wameshaambiwa "karibuni" mara nyingi, wataona ni mgeni wa ajabu.

Na ziara isiwe Oktoba wala Novemba. Njooni Februari, mkae na watu kwenye njaa yenyewe, na mtapata mahali pa kulala kwa bei nafuu.

Mama yako mzima, goti linamsumbua kidogo baridi ikipanda. Mikorosho ya kule bondeni nimeipulizia salfa mara mbili, ya tatu nasubiri upepo utulie. Ukija na msafara huo usijifanye hutujui mbele ya wakubwa zako. Lete zabibu, bibi yako anasema zile za mara ya mwisho zilifika zimepondeka, safari hii uzipakate.

Baba yako