Shangazi, lava ilikuja kwa sababu ya kopo langu?

“Jambo Shangazi. Ninauza maharagwe hapa Goma. Tangu 2019 nagonga kitako cha kopo la kupimia kwa jiwe mpaka kibonyee ndani. Linaonekana limejaa, kumbe limepungua ngumi moja. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka, nyumba yetu ya Buhene ikaungua. Sikuacha, nilitaka pesa za kuanza upya. Hata wakimbizi wa kambi ya Kanyaruchinya niliwapimia kwa kopo hilo. Juzi nimemkuta binti yangu wa miaka 11 akigonga kopo jipya, wala sikumtuma. Mchungaji anasema Mungu ndiye aliyenichomea nyumba, na nisipoleta dola 200 za kuvunja laana, Mungu atamchukua mtoto. Mwezi ujao ni zamu yangu ya kupokea likelemba, mchango wetu wa kupeana kwa zamu. Nimpe?”

Mwanangu, usimpe.

Soma Luka 13. Mnara wa Siloamu uliangukia watu 18 wakafa, na Yesu akauliza kama hao walikuwa wakosaji kuliko wote waliokaa Yerusalemu. Akajibu mwenyewe: sivyo. Na wewe ni mtu wa Goma, unakumbuka Januari 2002 lava ilivyopita katikati ya mji ikaliangamiza kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Lava hufuata mteremko, haiulizi nani anauza kwa kopo gani. Mchungaji huenda akakusomea Kutoka 20, habari ya uovu wa baba kufika kizazi cha tatu na cha nne. Mwombe kwa heshima mfungue pamoja Ezekieli 18: mwana hatauchukua uovu wa baba yake.

Ila usishushe pumzi bado. Siku ile Yesu aliongeza: msipotubu, nanyi mtaangamia.

Torati inakataza waziwazi kuwa na vipimo viwili nyumbani, kikubwa na kidogo, na inamwita afanyaye hivyo chukizo kwa Bwana (Kumbukumbu la Torati 25). Nimekaa sana nikiwaza kwa nini neno zito namna hiyo kwa jambo la sokoni. Mwenye pesa hununua gunia. Anayenunua kwa kopo ni yule ambaye siku hiyo hana zaidi. Mama aliyetoka Rutshuru kwa miguu, mtoto mgongoni, ulimpunguzia ngumi moja, na jioni kuna mtoto aliyelala na njaa ya ngumi hiyo. Samahani kukuambia hivyo, lakini wewe mwenyewe umeandika kwa sababu unalijua.

Paulo anawaambia Wagalatia kwamba apandacho mtu ndicho atakachovuna. Mavuno yako umeshayaona: msichana wa miaka 11, jiwe mkononi. Hakufundishwa na mtu, alikaa tu karibu yako akatazama. Hiyo ndiyo adhabu inayonitisha mimi, kuliko moto wa mlima.

Sasa pesa. Walawi 6 ina utaratibu wake: aliyedhulumu arudishe kitu chote, aongeze sehemu ya tano, ampe mwenyewe, sadaka inatajwa baada ya hapo. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne, na Yesu hakumwomba hata senti. Kwa hiyo likelemba ikikufikia, nunua maharagwe. Wateja unaowajua, nenda milangoni kwao, useme ulichofanya. Utaona haya, nenda tu. Wale wa Kanyaruchinya wametawanyika. Sehemu yao wape waliofukuzwa makwao unaowaona leo mtaani kwako. Na Mungu umwombe msamaha kwa kinywa chako mwenyewe. Yohana anasema tukiziungama dhambi zetu yeye ni mwaminifu, atatusamehe, na hakutaja bei.

Kabla ya yote hayo, leo jioni, mwite binti. Weka makopo yote mawili chini, umwambie, “Mama alikuwa anaiba.” Usimpige, usimlaumu. Yapondeni pamoja kwa jiwe lilelile. Kesho nunua kopo zima, na mteja wa kwanza asubuhi, mwache mtoto apime, mpaka maharagwe yafanye kichuguu juu.