Kuipandisha Injini ya Beetle kwa Chini: Niliyojifunza Nikiwa Nimelala Chali

Ukifungua kifuniko cha nyuma cha Volkswagen Beetle ukaitazama injini ilivyobanwa mle ndani, utaona mara moja kwamba haiwezi kutokea hapo. Mlango ni mdogo, na kava la feni limejaa hadi juu. Ile winchi ambayo gereji nyingi huning'inizia injini za Land Rover na Corolla haina kazi hapa. Injini ya Beetle hushushwa ikatokea chini ya gari, na hurudi kwa njia hiyo hiyo. Imeshikwa na giaboksi peke yake: bolti mbili juu, nati mbili chini, basi. Kilo 110 hivi zinaning'inia kwenye vitu vinne.

Ya kwangu ni 1300 ya mwaka 1972, niliyoachiwa na baba. Alikuwa mtoto Volkswagen iliposhinda Safari Rally mwaka 1962, enzi zile mashindano yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na hakuacha kusimulia habari hiyo hadi alipopata Beetle yake mwenyewe. Injini yake nimeitoa na kuirudisha mara tano. Mara ya kwanza niliharibu. Naandika kwa ajili ya mtu anayetaka kuifanya kazi hii mwenyewe nyumbani, akiwa na jeki, spana na ndugu mmoja wa kumsaidia, kwa sababu wazee waliozizoea gari hizi wanapungua, na vijana wengi wa gereji hawajawahi kushika injini inayopozwa kwa hewa.

Nianze na urefu, maana hapo ndipo wengi hukwama. Iweke injini juu ya jeki ya magurudumu ikiwa imeshushwa kabisa, kisha pima kutoka sakafuni hadi ncha ya juu ya kava la feni. Ongeza upana wa kiganja. Huo ndio urefu ambao bodi ya nyuma, pale chini ya bampa, inapaswa kuwa juu ya sakafu. Kwangu hufika karibu sentimita 90, na ukiiona gari imeinuka hivyo nyuma roho inakudunda. Inafaa ikudunde. Stendi ziwekwe chini ya lile bomba nene la chuma linalolala upande hadi upande mbele ya magurudumu ya nyuma, moja kila mwisho. Usitumie tofali za saruji. Hupasuka ghafla bila kukuonya. Kama uwanja wako ni wa udongo, tandika mbao nene chini ya stendi. Na zuia magurudumu ya mbele kwa kabari pande zote, kwa sababu breki ya mkono ya Beetle hushika magurudumu ya nyuma, na hayo sasa yako hewani. Ukimaliza, itikise gari kwa nguvu zako zote kabla hujaingia chini. Ikicheza, anza upya.

Betri iko chini ya kiti cha nyuma. Chomoa waya wake kabla ya jambo lolote lingine.

Sasa, injini ikiwa bado sakafuni, usiwe na haraka ya kuipandisha. Huu ndio wakati wa kutengeneza vitu ambavyo ukishaifunga hutaviona tena. Tazama sili ya oili nyuma ya flaiwili, lile gurudumu zito la chuma lililo mwisho wa injini upande wa giaboksi. Pima mwendo wa kuingia na kutoka wa krenkishafti, yaani shafti kuu ya injini. Unatakiwa uwe kati ya milimita 0.07 na 0.13, na hurekebishwa kwa zile washa tatu nyembamba zilizo nyuma ya flaiwili. Nati kubwa ya katikati, inayofunguliwa kwa soketi namba 36, hukazwa kwa Nm (newton-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 300 hivi. Huwezi kuikisia kwa mkono, hivyo azima spana ya kupimia na bomba refu. Ndani ya nati hiyo kuna beringi ndogo ya sindano ambamo ncha ya shafti ya giaboksi hukaa. Isafishe, itie grisi kidogo sana. Upande wa giaboksi, zungusha beringi ya klachi kwa vidole. Ikikwaruza, badilisha leo. Halafu kuna kibushi cha shaba cha stata, ambacho watu wengi hawakijui kwa sababu hakiko kwenye stata yenyewe, kimeingizwa kwenye nyumba ya giaboksi. Stata yangu ilikuwa inalia kwa uvivu mwaka mzima, na nilishabadilisha betri na waya. Kumbe ni kibushi hicho kilichoisha, kitu kidogo kama pete.

Pleti ya klachi ndiyo iliyoniponza, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo. Pleti hiyo inabanwa kati ya flaiwili na presha pleti, lile bamba linaloisukuma, na kabla hujakaza bolti zake inaweza kuteleza huku na huko. Ukiikaza ikiwa imekaa pembeni hata kwa milimita mbili, shafti ya giaboksi itapita kwenye meno ya pleti lakini haitaipata ile beringi ya sindano, au haitapata hata meno yenyewe. Kipo kifaa maalumu cha kuiweka katikati, cha plastiki, na kama una kipande cha shafti ya giaboksi kuukuu ni bora zaidi. Ingiza, kaza bolti za presha pleti kwa zamu, kila moja nusu mzunguko, mpaka Nm 25, kisha chomoa kifaa. Kikitoka na kuingia bila kugoma, pleti imekaa.

Mara ya kwanza mimi niliikadiria kwa jicho. Tukapandisha injini, tukaisukuma, ikabaki nafasi ya kama kidole kimoja kati yake na giaboksi. Nilikuwa nimechoka na jua linazama. Nikaona nati za chini zimeshashika, nikasema nitaivuta kwa nati. Nikakaza kulia, nikakaza kushoto, nikasikia mlio mkavu, na nafasi ikafunga. Niliwasha gari nikidhani nimeshinda. Klachi haikuachia. Gia ya kwanza ilikuwa ikikwaruza hata nikikanyaga pedali mpaka chini. Tulipoishusha tena tukakuta kitovu cha pleti kimepinda. Nilikuwa na bahati, kwa maana kilichoweza kuvunjika ni sikio la nyumba ya injini, na hilo halinunuliwi dukani.

Fundi mzee wa mtaani kwetu alikuja jioni ile, akainama, akatazama, akasema, "Ikikataa, iteremshe, mwanangu. Iteremshe uone inakataa nini." Sijawahi kupewa ushauri wa gari uliofaa kuliko huo. Injini iliyonyooka huingia milimita za mwisho kwa kusukumwa na mikono miwili. Nati ni za kushikilia, si za kuvutia.

Tuipandishe, basi. Weka ubao kati ya kichwa cha jeki na tumbo la injini ili uzito usikae kwenye kile kifuniko chembamba cha chujio la oili. Bati la nyuma na chujio la hewa viwe vimeshatolewa. Mtu mmoja alale chini akiongoza jeki, mwingine asimame nyuma akichungulia kwa tochi, na yule wa juu ndiye mwenye amri, kwa sababu ndiye anayeona. Siku hizi juu namweka mpwa wangu. Pandisha pole pole, na simama kila baada ya sentimita kumi kutazama waya, mpira wa petroli na nyaya za hita zisije zikanaswa. Kabla hujaisukuma mbele, pitisha waya wa eksileta kwenye kibomba kinachopenya kava la feni. Ukisahau hapo, utarudi kushusha.

Shafti ya giaboksi inapogusa pleti ya klachi, mara nyingi husimama, kwa kuwa meno hayajakutana. Tia gia ya nne, vuta breki ya mkono ili shafti isizunguke, kisha zungusha injini taratibu kwa spana namba 30 kwenye puli ya chini huku mwenzako akiisukuma mbele. Utahisi inapoachia. Kama haiachii, tazama pembe. Pitisha kidole kuzunguka mahali injini na giaboksi vinapokutana: nafasi ikiwa kubwa juu kuliko chini, au kulia kuliko kushoto, rekebisha jeki mpaka iwe sawa pande zote. Mara ya mwisho mpwa wangu aliita, "Mjomba, imegota!" Nikashusha nusu sentimita tu, na ikaingia yenyewe mpaka mwisho.

Nati za chini zishikwe kwanza kwa vidole, kisha bolti za juu. Ile ya kulia hushika na stata pia, na kwenye magari mengi kichwa chake kimekatwa upande mmoja ili kijizuie chenyewe kuzunguka. Bolti ya kushoto huhitaji mkono mrefu na subira. Zote nne ni spana namba 17, na hukazwa kwa Nm 30, si zaidi. Usiondoe jeki hata mara moja kabla zote hazijakazwa. Injini ikining'inia kwenye shafti hata kwa dakika moja, pleti huumia.

Kuna kitu kimoja nakuomba usikipuuze: ule mpira unaozunguka chumba cha injini, na mabati yote yanayokaa ndani yake. Nimeona Beetle nyingi hapa pwani ambazo mabati yametupwa, mwenye gari akiambiwa injini itapumua vizuri. Ni kinyume kabisa. Feni huvuta hewa baridi kupitia matundu yaliyo chini ya kioo cha nyuma, huipitisha kwenye silinda na hedi, na hewa hiyo ikishapata moto hutolewa chini ya gari. Mpira na mabati ndio ukuta kati ya juu na chini. Ukiacha upenyo, ile hewa ya moto pamoja na joto la ekzosi hupanda, na feni inaivuta tena. Injini inajipika kwa moshi wake, na kwa joto la Dar es Salaam haina muda mrefu. Kwa hiyo injini inapopanda, yule wa juu ahakikishe kwamba kingo za bati zimeingia kati ya midomo miwili ya mpira kote kote. Mpira ukiwa umekauka na kupasuka, badilisha kabla ya kupandisha. Kuuweka baada ya hapo ni mateso.

Mpira wa petroli nao uwe mpya, wenye klipu ncha zote mbili. Nyumba ya injini hii imetengenezwa kwa mchanganyiko wa magnesiamu, na ikishika moto maji hayasaidii, yanauchochea. Kizimamoto cha unga kiwe karibu na mkono wako siku ya kuwasha, ili moto wa petroli uuzime kabla haujafika kwenye chuma.

Baada ya hapo ni kuunganisha: waya za dainamo, koili na swichi ya oili, nyaya za hita pande zote mbili, eksileta, petroli. Bati la nyuma. Oili lita 2.5. Rekebisha valvu injini ikiwa baridi kabisa, milimita 0.15. Waya wa klachi hurekebishwa kwa nati ya masikio iliyo upande wa kushoto wa giaboksi, mpaka pedali iwe na mchezo wa milimita 10 hadi 20 kabla haijaanza kusukuma.

Usiwashe mara moja. Chomoa waya mkubwa wa koili na piga stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime. Ndipo urudishe waya na kuwasha. Ukiwa umeweka kamshafti mpya, yaani shafti inayofungua valvu, usiiache injini ingurume taratibu; ishike kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika kama 20, halafu zima, acha ipoe, kague.

Usiku wa kwanza, tandika kadibodi safi chini ya pale injini na giaboksi zinapokutana. Tone likidondoka hapo, linuse. Oili ya giaboksi ina harufu kali ya salfa ambayo huwezi kuikosea. Hiyo ni sili ya shafti ya giaboksi. Isipokuwa na harufu hiyo, ni sili ya flaiwili. Vyovyote vile injini itashuka tena, na ni afadhali ujue ni sili ipi kabla ya kwenda kuinunua.

Safari ya mwisho nilitandika kadibodi saa nne usiku, tukaosha mikono kwa sabuni ya unga, tukalala. Alfajiri nilimkuta mpwa wangu ameshatangulia, amepiga magoti nyuma ya gari na tochi mkononi. "Kavu, Mjomba," akasema.