Mwanafunzi atashika kisu juu ya mtoto wetu?

SWALI: Shikamoo sista. Mdogo wangu kajifungua njiti hapa Tanga. Mtoto sasa ana kilo mbili na anahema kwa shida. Kipimo cha eko kimeonyesha mshipa karibu na moyo uliotakiwa ujifunge baada ya kuzaliwa. Haukufunga, hata dawa hazikusaidia. Tumepewa rufaa ya upasuaji Dar. Jirani katutia hofu, eti hospitali kubwa madaktari hujifunzia kwa wagonjwa. Tukatae? Na gharama je?
Mama Zuwena, Makorora

JIBU: Marahaba, Mama Zuwena. Msikatae. Jirani yako hajasema uongo, ila kasimulia nusu. Hao anaowaita wanafunzi ni madaktari kamili, wameshapasua sana kwingine, sasa wanasomea ubingwa wa moyo. Nimewapa vifaa mezani mpaka nimestaafu, kwa hiyo nisikilize mimi.

Kijana haanzii kwa mtoto. Anaanzia kwenye moyo wa mbuzi au nguruwe, anashona mpaka uzi mwembamba kuliko unywele uache kumkatikia. Kisha anakuwa msaidizi: anashika chuma cha kutanua mbavu, anafyonza damu, anatazama. Baadaye anaachiwa kufungua kifua, halafu kukifunga. Mshipa wenyewe anaugusa mwisho kabisa.

Na mshipa huu ni pazuri pa kufundishia, maana hupitiwa ubavu wa kushoto, moyo ukiendelea kudunda, bila mashine ya moyo na mapafu. Lakini usiudharau! Kwa njiti unaweza kuwa mnene sawa na aorta iliyo jirani yake, yaani mshipa mkuu unaopeleka damu mwilini hadi miguuni, mtu akafunga usio wenyewe. Pembeni kuna neva ya sauti. Ikiumia, kilio cha mtoto kinakwaruza. Ndiyo maana mwalimu husema: bana kwanza, usifunge. Kila mtu ananyamaza, macho kwenye kipimo cha oksijeni kilichovishwa mguuni. Mapigo ya mguu yakiendelea, uzi unafungwa. Yakipotea, achia upesi. Mimi nilikuwa naikodolea ile skrini kuliko daktari wa usingizi, na wala haikuwa kazi yangu.

Hata vigogo waliongozwa. Mwaka 1944 huko Baltimore, Marekani, daktari wa upasuaji Alfred Blalock alipompasua mtoto aliyekuwa akigeuka bluu kwa ugonjwa wa moyo, nyuma yake, juu ya kigoda, alisimama msaidizi wake wa maabara, Vivien Thomas, akimwelekeza. Thomas alitokea kwenye useremala, shahada ya udaktari hakuwa nayo, lakini mshono ule alikuwa ameushona mara nyingi maabara, kwa mbwa. Blalock hakuona aibu.

Kwa hiyo usiulize kama kuna anayejifunza. Uliza hivi: bingwa atakuwa mezani, amevaa glavu, tangu mwanzo hadi mwisho, au atakuwa ofisini akisubiri kupigiwa simu? Akikujibu la pili, hapo una haki ya kuinuka kwenye kiti. Uliza pia nani atakesha na mtoto usiku wa kwanza. Kwa kitoto cha kilo mbili naogopa usiku ule kuliko kisu: joto kushuka, pumzi, maambukizi.

Gharama: piteni ofisi ya ustawi wa jamii hapo hospitalini kabla hamjaondoka Tanga, mweleze hali yenu, na karatasi watakayowapa muiweke pamoja na ya rufaa. Msingoje mpaka mfike Dar. Na mama aendelee kukamua maziwa hata kama mtoto hanyonyi.