Maswali na majibu: diski, waya na lugha zake

Nimerithi diski yenye waya mpana uliobapa, lakini kompyuta mpya haina pa kuuchomeka. Kwa nini uliachwa? (Msomaji, Tanga)

Hiyo ni diski ya IDE, mfumo wa kuunganisha diski na kompyuta ulioanza mwaka 1986 na kupitishwa kuwa kiwango rasmi mwaka 1994 kwa jina la ATA. Waya wake ulipeleka biti 16 kwa mpigo, kila moja kwenye uzi wake, na kadiri kasi ilivyopanda ndivyo mawimbi ya nyuzi jirani yalivyozidi kuingiliana. Ndiyo maana waya za mwisho zilikuwa na nyuzi 80 ingawa pini zilibaki 40: nyuzi za ziada zilipitishwa katikati ya zile za data kama kuta za chumba. Hata hivyo kasi iliishia megabaiti 133 kwa sekunde. Mrithi wake, SATA, iliyoingia sokoni mwaka 2003, ilipanga biti zifuatane moja moja kwenye waya mwembamba wa pini 7, na kwa kuwa hazikuhitaji kusubiriana, zikakimbia zaidi. Wewe tafuta adapta ya IDE kwenda USB yenye umeme wake, kisha weka jampa (kifuniko kidogo cha kuunganisha pini mbili) iliyo nyuma ya diski kama mchoro uliobandikwa juu yake unavyoelekeza.

Diski yangu ya sahani imeandikwa SATA 6. Mbona kunakili hakufiki hata megabaiti 300?

Hiyo 6 ni gigabiti kwa sekunde, tena kila baiti husafirishwa kwa biti 10, hivyo upana wa njia ni megabaiti 600 kwa sekunde. Sahani inayozunguka haiwezi kuijaza njia hiyo, na kununua waya mwingine ni kupoteza fedha.

Nimenunua SSD (diski isiyo na sahani inayozunguka) ya M.2, imeingia vizuri kwenye tundu, lakini kompyuta haiioni. Ni mbovu?

Huenda ni nzima. M.2 ni jina la umbo tu. Ndani ya umbo hilo diski inaweza kuzungumza na kompyuta kwa lugha ya SATA au ya NVMe, na matundu mengi hupokea aina moja pekee. Itazame kwenye ncha ya dhahabu: yenye mapengo mawili mara nyingi ni SATA, yenye moja kwa kawaida ni NVMe, ila neno la mwisho ni la kitabu cha ubao mama. NVMe, iliyotolewa mwaka 2011, ilibuniwa kwa sababu utaratibu wa kupokea amri uitwao AHCI, unaotumiwa na SATA, una foleni moja ya amri 32, nao uliilenga sahani. NVMe huruhusu foleni zaidi ya 65,000. Wauzaji wangeandika jambo hili kwa herufi kubwa kwenye boksi, wangetupunguzia barua.

Je, SCSI, ule mfumo mwingine wa zamani wa kuunganisha diski, imekufa?

Waya wake mnene umekwisha, lugha yake ingalipo. Seva huitumia kupitia SAS, mrithi wake wa biti zinazofuatana moja moja, na hata flashi iliyo mfukoni mwako hupokea amri za SCSI kila unapoichomeka.